Kufika Morogoro kwa Ndege na Reli: Dakika Zinapopotelea

Mji wa Morogoro uko kiasi cha kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, na msafiri wa ndege anayeuendea, awe ametokea Mwanza au Muscat, kwa kawaida hutua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na kuikamilisha safari kwa njia ya nchi kavu. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni za umeme zilipoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili, sehemu iliyokuwa ikichosha zaidi imekuwa nyepesi, na uzito wa safari umehamia kwenye ncha zake, yaani kutoka uwanjani hadi stesheni na kutoka stesheni hadi mlima wa Uluguru.

Reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ina geji ya milimita 1,000, geji ikiwa ni nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili vya njia. Geji nyembamba ilipunguza gharama kwa kuwa iliruhusu kona kali zilizofuata umbo la ardhi, na kona hizo ndizo zinazomzuia dereva kuongeza mwendo. Kipande cha kwanza cha reli ya kisasa (SGR), kilichojengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno kwa mkataba wa mwaka 2017, kina geji ya milimita 1,435, kona zilizolegezwa, uzio, na madaraja yanayotenganisha reli na barabara, hata treni ikaweza kufikia kilomita 160 kwa saa na kufika Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Wengi huisifia geji, lakini sifa kubwa inastahili kona na uzio, kwani huko Queensland, Australia, treni ya geji ya milimita 1,067 ilifikia kilomita 210 kwa saa mwaka 1999.

Ncha ya kwanza ndiyo yenye mtego. Stesheni kuu ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, jirani na ile ya zamani, kwa hiyo anayetoka uwanjani hurudi mashariki kupitia Barabara ya Nyerere, penye foleni, ili apande treni itakayomrudisha magharibi. Stesheni ya Pugu iko upande wa pili wa uwanja, mbali na msongamano wa mjini, na kwa treni zinazosimama hapo ni chaguo la busara zaidi, ingawa wasafiri wengi hata hawalifikirii. Tiketi hukatwa mapema, ikiwezekana kwa mtandao, na kitambulisho hukaguliwa kabla ya kupanda. Ndege inayochelewa haisubiriwi na treni. Aliyetua baada ya treni ya mwisho hubakiwa na mabasi ya Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, yanayoshusha Msamvu, Morogoro.

Morogoro kwenyewe, Wajerumani waliiweka stesheni yao karibu na mji, ilhali ya kisasa iko Kihonda, kaskazini, upande ulio mbali na mlima. Bajaji na bodaboda huujaza mwanya huo, na nauli hupatanwa kabla ya kuondoka.

Anayekusudia kupanda Uluguru hupitia kwanza ofisi ya hifadhi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kuchukua kibali. Kisha huamua upande: miteremko ya mashariki, kwenye Kinole na Matombo, huupokea upepo wa Bahari ya Hindi na mvua nyingi, na barabara zake za udongo huteleza vibaya wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ilhali Mgeta, iliyo magharibi, hupata mvua kidogo zaidi na hufikiwa kwa kuiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, kwa magari yaleyale yanayoteremsha mboga kwenda sokoni.