'Kususia' si kila kutohudhuria

Hivi majuzi, katika taarifa ya habari, nilimsikia mtangazaji akisema kuwa kiongozi fulani "alisusia" mkutano. Sentensi mbili baadaye akaeleza kuwa kiongozi huyo alikuwa safarini. Sasa, alisusia au hakuwapo tu?

Kosa hili aghalabu hutokana na kutafsiri kitenzi cha Kiingereza 'boycott' kwa mazoea. Asili ya kitenzi hicho ni jina la mtu. Charles Boycott alikuwa wakala wa Lord Erne, mwenye mashamba katika kaunti ya Mayo, Ireland. Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji walidai wapunguziwe kodi zaidi ya walivyopunguziwa. Boycott akaanza kuwafukuza. Hawakumgusa. Vibarua waliacha mashamba yake, wenye maduka wakakataa kumuuzia, hata barua zake zikakosa wa kumpelekea. Novemba, watu 50 hivi waliletwa kutoka Ulster kumvunia, tena chini ya ulinzi wa wanajeshi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka, ila jina lake likaenea hadi katika Kifaransa na Kijerumani.

Kisa chenyewe, kwa hakika, Mswahili angekiita 'kutengwa', maana aliyelengwa ni mtu na waliomlenga ni jamii nzima. 'Susia' yetu ina mzizi tofauti kabisa. Inatokana na 'susa', yaani kukataa jambo kwa kuudhika. Mtoto aliyekaripiwa hususa chakula, na hahitaji wenzake. Ukisema "amemsusia mumewe watoto", una maana amemwachia kwa hasira; hapo 'boycott' haiingii kamwe. Naye mfanyakazi anayedai mshahara hasusi, anagoma.

Kwa hivyo 'susia' hubeba nia. Ukiitumia, umeshamshuhudilia mtu moyo wake. Chukua uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba 26, 2017. Upinzani uliwataka wafuasi wake wasishiriki, na waliopiga kura kote nchini hawakufika asilimia 40. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, shughuli hiyo iliahirishwa. Yupo aliyesusia kweli, yupo aliyeogopa vurugu, yupo aliyekosa kituo kilichofunguliwa, na yupo aliyelala zake. Wote hao tuliwaita "waliosusia"!

Mwanahabari asiyeijua nia ya mtu na aandike 'hakuhudhuria' au 'hakupiga kura'. Na hiyo 'kuboikoti' ninayoisikia redioni siku hizi, mimi sina haja nayo.