Ustadi wa Kusubiri

Kuna ufundi ambao kazi yake haionekani hata ikifanywa vizuri: kuifanya programu ikae bure, kwa muda uleule uliokusudiwa. Mwanafunzi wa lugha ya asembli hukutana nao mapema. Anaandika programu ya kuhamisha nukta kutoka kushoto kwenda kulia kwa skrini, anaiendesha ndani ya emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani) kama DOSBox, na kabla hajakaza macho nukta imekwishafika. Amri zote ni sahihi. Kilichokosekana ni muda.

Basi anaongeza kitanzi cha kuchelewesha: anaweka 0FFFFh ndani ya rejista ya CX, kisha anaandika LOOP inayojirudia mpaka CX iishe. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981, yenye prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77, kila mzunguko wa LOOP ulimeza mapigo 17. Mizunguko 65,535 ilichukua kama milisekunde 234, karibu robo ya sekunde. DOSBox haina habari na mapigo hayo. Yenyewe hupangiwa idadi ya amri za kutekeleza kila milisekunde, na kwa programu za zama hizo huanzia 3,000. Kitanzi kilekile sasa kinakwisha kwa milisekunde 22. Ukiiruhusu itumie nguvu zote za kompyuta yako, hata hizo 22 huzioni.

Emuleta hutunza maana ya amri; haikuahidi kutunza muda wake. Aliyezoea kupima safari kwa kuhesabu hatua zake, siku akipewa baiskeli hesabu yote imevurugika. Wala kosa hili halikuanza na emuleta. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilikuwa zikianza kwa kupima kasi ya mashine: zilihesabu mizunguko inayoingia ndani ya milisekunde 55, kisha zikagawanya. Prosesa za Pentium zilipokaribia megahezi 200, katika miaka ya 1990, jibu la mgawanyo likawa kubwa kuliko rejista, na programu nzima zikaanguka kwa kosa namba 200 kabla hazijaanza kazi. Waandishi wake walikuwa makini. Walichokosea ni kuamini kwamba kasi ina kikomo.

Fundi haulizi prosesa imefanya mizunguko mingapi, anauliza saa. Ndani ya IBM PC ile kulikuwa na chipu ya 8253 iliyopokea mapigo 1,193,182 kwa sekunde, na kila yalipofika 65,536 ilipiga tiki moja. Hizo ni tiki 18.2 kwa sekunde, namba isiyo na umbo mpaka ujue asili yake. Kristali ya mashine ilikuwa ya megahezi 14.318, mara nne ya masafa ya rangi ya televisheni za Marekani. Igawe kwa 3, unapata mwendo wa prosesa; igawe kwa 12, unapata mwendo wa saa. Emuleta nzuri huuachia mwendo wa kwanza upande na kushuka, lakini wa pili huufunga kwenye muda halisi wa saa ya ukutani.

Kwa hiyo dawa ni fupi. Ita INT 1Ah, huduma inayoleta hesabu ya tiki ndani ya DX, ukiwa na sifuri ndani ya AH, kisha hifadhi DX ndani ya BX. Ita tena, toa BX kwenye DX, na kama tofauti haijafika 18, rudia. Hiyo ni sekunde moja, pungufu kidogo. Lakini ufundi umejificha kwenye pembe zake. INT 1Ah huandika juu ya CX, hivyo aliyeweka humo hesabu ya kitanzi chake cha nje ameipoteza. Anayesubiri DX iwe sawa kabisa na namba fulani, badala ya kupima tofauti, yuko hatarini: tiki hiyo ikipita programu ikiwa imeshughulika na diski, itasubiri karibu saa nzima namba izunguke. Na usiku wa manane hesabu hurudi sifuri, tofauti inageuka kuwa kubwa ghafla, na kuchelewa kunakatika mapema. Fundi mzuri huyajua haya, kisha huweka HLT ndani ya kitanzi, prosesa ilale mpaka tiki ijayo iiamshe, badala ya kuichosha kwa kuuliza swali lilelile mara maelfu.

Kinachopendeza zaidi kwa fundi huyu ni kujua pia wakati wa kutogusa programu. Mchezo wa zamani usio na msimbo asilia uliandikwa kwa mashine ya megahezi 4.77, na hauna kosa ukiwa kwenye mashine hiyo. Hapo tiba ni kuirekebisha DOSBox: bonyeza Ctrl na F11 ipunguze mwendo mpaka mchezo uchezeke. Programu uliyoiandika mwenyewe leo haina udhuru huo. Kuipunguzia emuleta mwendo ili kitanzi chako kionekane sahihi ni kumhamishia ugonjwa yule atakayeiendesha kesho kwenye mashine nyingine. Ndiyo maana nausifu ufundi huu: humlazimisha mtu kutenganisha anachokifanya na muda unaopita akikifanya, kisha humtaka awe mwaminifu kwa vyote viwili.