Uhura Anasema Nini?

Mashabiki wa Star Trek wakijua unatoka Kenya hawakawii kukupongeza. Uhura ni wenu, wanakuambia, vile watu wanavyokupongeza kwa mbio za Kipchoge ambazo wewe hukukimbia hata mita moja. Mimi hupokea pongezi, maana heshima si utumwa, halafu huuliza swali linaloharibu stori: Uhura anasema nini?

Kwa vipindi 79 vilivyoonyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969, jibu fupi ni kwamba anasema njia iko wazi. Nahodha Kirk anataka kuongea na chombo cha maadui. Luteni Uhura anashika kile kidude cha sikioni, anabonyeza kitufe, anatangaza kwamba mawasiliano yako tayari, na wanaume wanaanza kuongea. Basi. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alichoka mapema. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi jukwaani, na kisa cha jinsi alivyobaki mashabiki wanakipenda kuliko karibu kipindi chochote alichocheza. Kwenye hafla ya NAACP aliambiwa kuna shabiki wake anayetaka kumwona, akageuka, akakuta ni Martin Luther King, na King akamwambia hawezi kuondoka.

Nichols alikisimulia kisa hiki miaka nenda miaka rudi, hadi alipofariki Julai 2022, na mimi sikichoki. Lakini hebu tazama kinafanya kazi gani. Kwa jinsi alivyokisimulia, King alisifu nafasi yenyewe: mwanamke Mweusi ameketi miongoni mwa maafisa kama afisa, si kama mtu wa kuleta chai. Alisifu kiti. Maneno ya kusifu hayakuwa mengi. Ndiyo maana kisa hiki kinapendwa hivyo. Kinatupa Uhura mzito ambaye waandishi wa kipindi hawakutuandikia.

Na hapo ndipo mashabiki walipoingia. Waandishi walijenga chumba wakakiacha kitupu. Mashabiki wakaleta viti, mapazia, picha za ukutani. Hata jina la kwanza hakuwa nalo. Kwenye hadithi walizoandikiana wenyewe miaka ya 1970 wapo waliomwita Penda. Mwaka 1982 William Rotsler, akiandika kitabu cha wasifu wa wahusika, alipendekeza Nyota, Nichols akafurahi, jina likakaa. Filamuni halikutamkwa mpaka 2009, na lilipotamkwa mashabiki walikuwa wamelijua kwa zaidi ya miaka 25. Na wapo waliokwenda mbali zaidi ya kubuni jina. Mae Jemison alimtazama Uhura akiwa mtoto, na mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kufika angani. Ukiniuliza ni nani aliyemlea Uhura, sitakutajia Gene Roddenberry kwanza.

Sasa, hilo jina la ukoo. Nichols alieleza kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya mkononi, Uhuru, ya Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962. Roddenberry akalipenda neno. Likaonekana kali kidogo kwa mwanamke, basi likalainishwa mwisho, u ikawa a. Kwa mashabiki wengi huu ni mguso mtamu. Kwangu, kila nikilisikia, sikio linawasha. Kiswahili hakina jinsia ya kike inayoning'inia kwenye irabu ya mwisho. Uhuru ni uhuru, uwe wa mama au wa baba; rais wetu wa nne aliitwa hivyo na hakuna binti aliyeitwa hivyo ambaye angelazimika kubadilisha herufi. Kilichofanyika ni kulivalisha neno letu gauni la Kiitalia. Uhura kwa Kiswahili si neno. Ni neno lililokaribia kusema kitu.

Na Ruark, jamani. Huyu alikuwa mwandishi aliyependa safari za kuwinda, na Kenya yake ilikuwa ya walowezi na wawindaji wazungu, ikiona Uhuru unakuja na ikiuogopa. Kwa hiyo jina la afisa Mweusi mashuhuri kuliko wote katika hadithi za kisayansi lilifika Hollywood kupitia mtu aliyelitamka kwa wasiwasi. Sisemi hilo linalichafua. Nichols alilisafisha kwa kulibeba. Nasema tu kwamba safari ya neno kutoka Nairobi hadi kwenye chombo cha Enterprise haikuwa ya moja kwa moja vile wanaotupongeza wanavyofikiri.

Kiswahili chenyewe kilisikika mapema sana. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, Septemba 8, 1966, kinaitwa "The Man Trap", na ndani yake kuna kiumbe kinachonyonya chumvi kutoka mwilini mwa watu. Kiumbe hiki kina uwezo wa kuchukua sura ya mtu unayemtamani. Kinamkuta Uhura kwenye ushoroba, kinakuwa mwanamume Mweusi mtanashati, na kinamsemesha Kiswahili. Uhura anasimama kama aliyepigwa butwaa. Kumbe huyu dada amekaa kwenye chombo hiki chote akiwa na hamu ya mtu wa kumsalimu kwa lugha yake! Na anayeligundua hilo ni zimwi. Nahodha hajui, daktari hajui, waandishi wenyewe sidhani kama walijua walichokiandika. Dakika chache kabla ya hapo, Uhura alikuwa amemchokoza Spock kwa maneno ya mapenzi, amweleze sayari yao huwaje usiku wa mbalamwezi, na Spock akamjibu kwamba sayari yao haina mwezi. Upweke umeandikwa wazi pale, halafu kipindi kinaendelea na mambo ya Kirk.

Lakini kipindi ninachotaka tukae nacho ni "The Changeling" cha Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad, unaoua kila kisicho kamili, unamsikia Uhura akiimba kazini. Unataka kujua kuimba ni nini. Unamchunguza akilini na kufuta kila alichokijua. Kisha unatoa ripoti kwamba kifaa kile kina kasoro, fikra zake zimevurugika, na Spock anaueleza kwamba kifaa kile ni mwanamke. Huo ulikuwa mzaha wa mwaka 1967. Mashabiki wameusema vya kutosha, sitaongeza.

Kinachofuata ndicho kinachonikera na kunivutia kwa pamoja. Uhura yuko kwenye chumba cha matibabu, anafundishwa kusoma upya na Nesi Chapel, kwa kitabu cha watoto, mambo ya mbwa na mpira. Anajikwaa kwenye neno. Akizidiwa, anatoa sentensi kwa Kiswahili. Na Chapel, kwa upole kabisa, anamrudisha: si Kiswahili, sema kwa Kiingereza.

Sijui Mmarekani anasikia nini hapo. Mkenya aliyepitia shule ya msingi anasikia kengele. Wapo wengi wetu waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, wakakibeba mpaka wampate mwenzao aliyeteleza wamvishe yeye. Wakati mwingine hiyo lugha iliyokatazwa ilikuwa Kikuyu au Dholuo au Kikamba. Wakati mwingine, siku ya Kiingereza, ilikuwa Kiswahili chenyewe. Mwalimu naye mara nyingi alikuwa mpole. Chapel ni mwalimu huyo. Karne ya 23, watu wameshinda njaa na vita vya dunia, na bado kuna mtu mzima aliyeketi na kitabu cha mbwa na mpira akiambiwa aache lugha ya mama yake.

Tangu hapo mashabiki wamebishana kuhusu jambo moja hasa: inawezekanaje mtu afutwe akili yote, halafu baada ya wiki moja arudi kazini kana kwamba alikuwa na homa? Hawakubali, na wana haki. Wanauliza kumbukumbu za wazazi wake zilikwenda wapi, mpenzi wake wa kwanza, nyimbo. Wengine wameandika hadithi nzima za kumrudishia. Ni maswali mazuri, ya watu wanaompenda mhusika kuliko waliomwajiri. Lakini nikiyasoma naona wanaruka jambo lililoko mbele ya macho. Kipindi chenyewe kinasema kwamba si kila kitu kilifutwa. Kiingereza kilifutwa. Kiswahili kilibaki, chini kabisa, mahali Nomad haukufika. Hiyo ni habari kubwa kuhusu mtu! Ukiichukulia kwa uzito, Uhura aliyerudi kwenye kiti chake baada ya wiki ile ni mwanamke ambaye kwa siku kadhaa alikuwa na lugha moja tu duniani, na hakuna hata mmoja kwenye chombo kile aliyekaa naye aisikilize.

Nasema hivi nikijua kwamba kwenye suala la lugha mashabiki walimpigania kweli. Mwaka 1991 filamu ya sita ilimwonyesha Uhura na wenzake wakipekua makamusi ya karatasi ili wamjibu askari wa Kiklingoni kwa sentensi mbovu, watazamaji wacheke. Nichols alipinga tukio lile, na mashabiki walikasirika pamoja naye. Ati afisa mkuu wa mawasiliano, miaka yote hiyo kazini, hajui lugha ya jirani aliyepigana naye? Hasira ile haikupotea. Filamu ya 2009 ilimfanya Uhura, sasa akiigizwa na Zoe Saldana, kuwa mtaalamu wa lugha za viumbe wengine, anayezijua lahaja zote tatu za Kiromulani, na ujumbe alioutafsiri yeye ndio unaoanza kumfumbua macho Kirk. Hapo naona watazamaji wakirekebisha kazi kutoka kwenye viti vyao, na sijui wahusika wengi waliotendewa hivyo.

Filamu hiyo hiyo ilizua ugomvi mwingine, mkubwa zaidi, kwa kumfanya mpenzi wa Spock. Wapo waliolia kwamba wamemshusha cheo, kutoka afisa hadi msichana wa mtu, akimbusu mwanamume ndani ya lifti. Wapo, na tuseme ukweli, ambao shida yao ilikuwa kwamba Spock walikwisha kumwoza kwa Kirk kwenye hadithi zao tangu miaka ya 1970. Na wapo wengine, wengi wao wanawake Weusi, waliouliza kwa utulivu unaochoma: kwa nini mwanamke mzungu akipendwa kwenye filamu anakuwa na maisha kamili, lakini Mweusi akipendwa ameshushwa hadhi? Kwa nini heshima yake lazima iwe ya kukaa peke yake, imara, bila mtu wa kumkumbatia?

Mimi niko na hawa wa mwisho. Wanaodai mapenzi yale yalitoka hewani hawakumsikiliza Uhura wa 1966 akimwuliza Spock kuhusu mwezi. Na nadhani hoja ya "nguvu" imetumiwa vibaya sana juu ya wanawake wetu, huku nyumbani pia. Mama jasiri anasifiwa jukwaani Siku ya Mashujaa, halafu anarudi nyumba ambayo hakuna aliyempikia. Kosa la filamu ile silioni kwenye busu. Kosa ni kwamba mwanamke anayejua lahaja tatu za Kiromulani anapewa mpenzi, na jina lake Nyota linafanywa fumbo ambalo Kirk analitafuta filamu nzima, na bado hatumsikii akiota, akitukana wala akiomboleza kwa lugha iliyompa jina hilo.

Strange New Worlds, iliyoanza 2022, imejitahidi. Celia Rose Gooding anamcheza Uhura kijana, kadeti asiye na hakika kama anataka kazi hii. Anatajwa waziwazi kuwa Mkenya. Anajua lugha 37. Wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo, akalelewa na nyanya yake, aliyewahi kuwa afisa. Mashabiki wengi wamempokea kwa furaha. Wachache wanalalamika kwamba ana majonzi mno na kwamba Uhura wa zamani alikuwa mcheshi zaidi. Nawaelewa, ingawa ucheshi ule mwingi ulitoka kwa Nichols akifanya kitu kutokana na karatasi tupu. Mwaka 2023 wakamfanyia kipindi kizima cha nyimbo, ambamo yeye ndiye anayewaunganisha wenzake wote kwa kuimba. Ukikumbuka kwamba Nomad ulimfuta kwa sababu ya kuimba, inapendeza sana.

Ila lugha 37 ni nambari. Kenya yake naisikia ikitajwa zaidi ya ninavyoisikia ikizungumza. Sijaona bado kipindi ambamo Uhura ana maongezi kamili ya Kiswahili na binadamu mwenzake, yenye kukatizana na kutaniana, si salamu moja ya kupamba.

Basi na mimi ni shabiki, nina haki ya kudai changu. Nataka tukio la dakika tatu. Nyanya amepiga simu kutoka nyumbani, saa mbaya, vile nyanya wote hupiga. Anauliza kama umekula. Anauliza huyo kijana mwenye masikio marefu ni wa ukoo gani. Nyota anajibu huku amechoka, anachanganya, anateleza na neno la Kiingereza, na nyanya anamcheka. Chapel anapita mlangoni, anasikia, anaendelea na safari yake.