Msalaba Uliokatwa

Katika kanisa letu vimewahi kutundikwa vitambaa viwili vilivyotokana na safari moja. Kimoja tulikishona sisi tuliosafiri. Cha pili alikishona mama mzee ambaye hakusafiri. Tunaandika ili kuvipima vyote viwili, maana usharika uligawanyika juu yake, na sisi tulikuwa upande uliokosea.

Safari ilikuwa ya Lalibela, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Ethiopia. Huko yako makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, ambayo mapokeo yanayahusisha na Mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Hayakujengwa kwa kupanga mawe. Mafundi walianza juu ya mwamba wakashuka chini, wakitoa jiwe lisilohitajika mpaka kanisa likabaki. Bete Giyorgis, yaani nyumba ya Mtakatifu George, limesimama ndani ya shimo lenye kina cha mita 12 hivi. Ukisimama ukingoni, kitu cha kwanza kuona ni paa lake: msalaba, ndani yake msalaba, na ndani yake tena msalaba. Katika Bete Maryam, nyumba ya Mariamu, yako madirisha yaliyotobolewa kwa umbo la msalaba. Tulivua viatu mlangoni kama wenyeji, tukaingia gizani, na mwanga tuliouona ulipita mahali palipoondolewa jiwe.

Tuliporudi tulishona kitambaa cha zambarau kwa ajili ya Kwaresima. Tuliweka misalaba mitatu ya dhahabu, mmoja ndani ya mwingine, tukazungushia utepe unaong'aa, na juu ya utepe tukashona shanga. Vipimo vilikuwa sahihi na mishono imekaza. Hilo tunalisema bila haya. Lakini kasoro yake ni kubwa. Kinamwambia mtazamaji kwamba tulifika Lalibela, kisha kinanyamaza. Tulichukua umbo la paa tukaiacha kazi iliyolizaa. Wale walitoa, sisi tuliongeza.

Aliyetuonyesha hilo ni mama huyo, fundi cherehani wa miaka mingi. Alikuja kuona picha, akauliza, "Jiwe la huu msalaba walilitoa wapi?"

Tukamjibu, "Hawakulileta, mama. Lilikuwa palepale. Walitoa la pembeni."

Akatazama kitambaa chetu kwa muda. "Basi, wanangu, mmeshona kinyume."

Yeye alitwaa marekani isiyotiwa rangi, akakata matundu ya misalaba midogo, akashona kingo zake kwa uzi wa rangi ileile. Hakuweka kitu kingine ila maneno machache pindoni. Kilipotundikwa madhabahuni, manung'uniko yalianza siku hiyohiyo. Si rangi ya Kwaresima, tulisema. Tena kimetoboka. Kikaondolewa baada ya Jumapili moja tu, na mama hakusema neno.

Jumapili iliyofuata, mwenye zamu ya usafi alikitundika kwenye dirisha la mashariki ili jua lisimpige mchungaji machoni. Katika ibada ya kwanza jua lilipopanda, misalaba ya mwanga ilitua sakafuni, ikasogea polepole wakati wa mahubiri hadi kwenye viti vyetu. Ndipo tukaielewa kazi ile. Nyuma yake mlikuwa na giza la madhabahu; ilihitaji dirisha. Na kile tulichokiita kutoboka ndicho kilichokuwa msalaba wenyewe.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa ajili ya hema, na kinaihesabu kazi yao kuwa hekima. Tunaamini hekima ya namna hiyo huanza kwa kuuliza swali alilouliza mama: kitu hiki kilifanywaje? Anayeiga mchongo wa watu wengine bila kuuliza hivyo anabeba sura tu. Hata Kwaresima tumezoea kuiongezea vikao, mikesha na michango, ilhali Paulo, katika sura ya 2 ya barua kwa Wafilipi, anatuelekeza kwa Kristo aliyeacha utukufu wake na kunyenyekea. Kitambaa cha mama kinafundisha jambo hilo kwa mkasi.

Hakikosi dosari. Kingo za matundu mawili zimeanza kuchanika, na zitahitaji mshono wa pili kabla ya kufuliwa tena. Maneno ya pindoni nayo yangeweza kuachwa, kwa kuwa yanarudia kile ambacho matundu yameshasema. Tulipomweleza hayo alicheka, akakubali la kwanza, akakataa la pili.

Tulimwomba msamaha mbele ya wale wale tuliokuwa tukinung'unika nao. Alitusamehe, kisha akatukabidhi mkasi wake na kusema tuanze na kile chetu. Shanga tumeshazitoa zote. Utepe bado tunaubishania.