Vyombo ni vya Nani? Jinsi Msondo Ilivyopata Umri Mrefu

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, yenye vyombo vya chama na wanamuziki walioajiriwa. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU mwaka 1991, ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikatoka kwenye kivuli cha chama na kubaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakilitumia siku zote: Msondo Ngoma. Vyama vimepita, kanda za kaseti zimekuja na kutoweka, na bendi imeendelea kupanda jukwaani kwa zaidi ya nusu karne.

Mwanamuziki kijana anayejitegemea leo, ambaye wimbo wake huvuma wiki tatu kisha ukasahauliwa, ana haja ya kujua hilo liliwezekanaje. Jibu la haraka ni vipaji. Silikubali. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alikuwa na kipaji kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake. Aliimba na Safari Trippers, akaja kuwika na Dar International, na nyimbo kama Zuwena na Masudi bado zinaimbwa na watu ambao hawajawahi kumwona. Alifariki Machi 1995 akiwa na miaka 40. Miaka yake ya mwisho hakuwa na bendi wala vyombo. Riziki yake ilikuwa kuuza kanda. Nishani ya taifa aliipata mwaka 2012, akiwa kaburini miaka 17. Sauti alikuwa nayo, utunzi alikuwa nao. Magitaa na spika vilikuwa vya wengine.

Katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam swali la kwanza limekuwa hilo: vyombo ni vya nani? Seti kamili, kuanzia magitaa, drums, tarumbeta na saksafoni mpaka mitambo ya kukuza sauti, ilitoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo miaka ya 1970 na 1980 mtu wa kawaida hakuzipata. Ndiyo maana bendi nyingi kubwa zilikuwa za mashirika: Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani apige, apige wapi, na bendi ife lini.

Tazama yaliyotokea mwaka 1985. Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake ya mtindo wa Masantula, akawavuta wanamuziki muhimu wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo akiwa mmojawao, na kuzindua Ndekule. Muziki wa Ndekule ulikuwa mtamu kweli kweli, lakini ulisimama juu ya mfuko wa mtu mmoja, na haukudumu. Mlimani Park, iliyoachwa na watu wake, ilibaki na vyombo, jina la mtindo wake, Sikinde, na Michael Enoch, mwalimu wa wapigaji wengi wa mji huu. Ikajaza nafasi, ikaendelea. Gurumo mwenyewe baadaye alirudi Msondo, bendi aliyoanza nayo tangu enzi za NUTA.

Umiliki wa vyombo, hata hivyo, haujibu yote. Bima Lee nayo ilikuwa na shirika nyuma yake, na haipo. Msondo ilikuwa na kitu kingine, nacho kiko ndani ya nyimbo zenyewe.

Sikiliza namna wimbo wa dansi wa zama zile ulivyojengwa. Mtunzi alileta mazoezini maneno na sauti ya kuimbia, basi. Mpiga solo akatafuta njia yake, wa solo la pili akamjibu, wa rhythm akashika katikati, besi ikaweka sakafu, na wapuliza tarumbeta na saksafoni wakatunga vipande vyao vya kuingilia. Sehemu ya kwanza huenda polepole ili kisa kisikike: ndoa iliyovunjika, mtoto aliyepotea mjini, rafiki msaliti. Kisha wimbo unageuka, magitaa yanakaza, waimbaji wanapokezana kiitikio, tarumbeta zinapasua, na ukumbi mzima unasimama. Sehemu hiyo ya pili haina urefu maalumu. Watu wakicheza, inarefushwa, wakichoka, inakatwa.

Wimbo uliojengwa hivyo hauna mwenyewe mmoja wa kuondoka nao. Akihama mwimbaji, magitaa yanajua pa kwenda. Gurumo alipoondoka mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, JUWATA haikufa. Said Mabera alibaki na gitaa lake la solo, na ukisikia nyuzi zake unajua hii ni Msondo kabla hajaimba mtu. Akaja TX Moshi William, akawa sauti ya kizazi kingine. Alipofariki mwaka 2006 wengi tulidhani ndiyo basi. Bendi ikapandisha waimbaji wengine na kuendelea na nyimbo zile zile. Msondo daima imekuwa na waimbaji wengi kuliko inavyoonekana kuhitaji, na kwa hesabu ya mapato ya mlangoni huo ni mzigo. Kwa hesabu ya miaka 50, ndiyo bima yao.

Jina nalo lilifanya kazi. Msondo ni ngoma ya watu wa pwani, kama ilivyo Sikinde ya Wazaramo, na bendi ziliyachukua majina hayo yawe alama ya mitindo yao. Mtindo ni mali ya bendi. Mwimbaji aliyehama aliuacha nyuma, akaenda kuimba wa wenzake. Chama kilibadilisha herufi mbele ya bendi mara mbili na shabiki wa Ilala hakujali, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda Msondo.

Tusisahau pia kwamba jukwaa lilikuwa lazima. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha, na malipo kwa mtunzi yalikuwa kidogo mno. Sahani za santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Kilichobaki ni kiingilio. Bendi ililazimika kupiga mara kadhaa kwa wiki na kuwa na wimbo mpya wa kuwarudisha watu, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukawaweka wote macho. Ile shida ndiyo iliyowanoa.

Nasema haya bila kuwatukuza wenye mashirika, maana kuna upande unaoniuma. Bendi ilidumu, watu wake walizeeka mikono mitupu. Mzee Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya kuimba kwa karibu nusu karne, na gari alilopata lilikuwa zawadi ya Diamond Platnumz, mwanamuziki kijana ambaye umri wake ulikuwa karibu nusu tu ya miaka ya kazi ya mzee huyo. Mwaka uliofuata akafariki. Moyo wa Diamond ulikuwa mwema. Lakini mtu aliyetunga nyimbo zinazopigwa kila Jumapili redioni hakupaswa kungoja zawadi, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilimkuta kazi yake kubwa imekwisha kufanyika.

Kijana wa leo hana shida ya Marijani ya vyombo. Kompyuta moja chumbani inarekodi kuliko studio ya redio ya wakati ule. Ila swali halijafa, limehama. Vyombo vya sasa ni rekodi mama ya wimbo, akaunti inayopokea mapato, na namba ya siri ya akaunti hiyo. Wengi wanaojiita wanajitegemea wameviacha vyote mikononi mwa prodyuza au meneja, kisha wanaimba peke yao, bila kikosi kinachoweza kupanda jukwaani siku sauti ikikauka. Wamekosa usalama wa Msondo na uhuru ambao Marijani hakuupata.

Ombi langu ni dogo. Kabla hamjatoka studio, andikeni nani katunga maneno, nani kaunda mapigo, nani anabaki na rekodi mama na mapato yatagawanywaje. Kila mmoja atie saini na achukue nakala yake. Anayekataa kutia saini, msimwachie wimbo.