Klachi Inayotetema: Chanzo na Tiba Yake katika Skuta Iliyotumika

Skuta isiyo na gia za kubadilisha kwa mguu au mkono huondoka kwa klachi kavu inayojikamata yenyewe, na klachi hiyo ikianza kutetema, chombo kizima hutikisika pindi dereva anapovuta mafuta, kisha hutulia mara mwendo unapokolea. Hitilafu hii ni ya kawaida katika skuta zilizokwisha kutumika, na tiba iliyozoeleka ni kupiga msasa na kufunga, ingawa mara nyingi mtetemo hurejea baada ya muda. Hurejea kwa sababu msasa huondoa athari na kukiacha chanzo, ilhali tengenezo hudumu pale tu kilichoziharibu nyuso za klachi kinapotafutwa na kuondolewa.

Klachi ya aina hii ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni sahani inayozungushwa na mkanda, ambayo hubeba viatu, aghalabu vitatu, yaani vipande vya chuma vilivyopinda na kubandikwa utando wa msuguano upande wa nje, kila kimoja kikicheza kwenye pini yake na kuvutwa ndani na springi. Ya pili ni bakuli la chuma linalovifunika viatu hivyo, ambalo limefungwa kwenye mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Injini ikinguruma taratibu, springi huvizuia viatu visitanuke. Mizunguko ikiongezeka, viatu husukumwa nje hadi vikaligusa bakuli, vikateleza kidogo, kisha vikalikamata kabisa.

Mtetemo huzaliwa katika kipindi hicho kifupi cha kuteleza. Msuguano baina ya nyuso zilizoshikana huwa mkubwa kuliko ule wa nyuso zinazoteleza, na tofauti hiyo ikizidi, kiatu hukamata, huachia na kukamata tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, na mapigo yake husafiri hadi kwenye fremu na usukani. Utando ulio mzima huipunguza tofauti hiyo, lakini utando uliounguzwa na joto hugeuka mgumu na kung'aa kama kioo, nao hushika kwa kushtuka badala ya kushika polepole.

Kwa kuwa klachi ikishakamata haitelezi tena, wakati mtetemo unapotokea ni kipimo tosha cha awali. Ukitokea wakati wa kuondoka tu na kutoweka baadaye, wa kushukiwa ni klachi. Ukiendelea katika mwendo wa kasi, uchunguzi uelekezwe kwenye mkanda, puli au beringi. Jaribio hili lifanywe barabarani, kwani skuta iliyosimamishwa kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, haina mzigo wa kutosha kuidhihirisha hitilafu.

Baada ya kifuniko cha upande wa mkanda kuondolewa na bakuli kuvuliwa, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, wala lisipulizwe, kwa kuwa baadhi ya tando za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake hudhuru mapafu. Hapo ndipo viatu vinapostahili kusomwa kwa makini kabla ya kuguswa na msasa. Mng'ao ulioenea sawasawa juu ya viatu vyote huashiria joto, ambalo kwa kawaida hutokana na kujongea taratibu mno katika foleni, kubeba mzigo mzito, au kuizuia skuta mlimani kwa mafuta badala ya breki. Mng'ao ulio kwenye ncha moja tu ya kiatu huonyesha kwamba kiatu hakilali sawa ndani ya bakuli, na kiatu kimoja kikiwa kimelika kuliko wenzake, springi yake imelegea au pini yake imekauka na kukwama. Unyevu mweusi unaonata una maana nyingine kabisa: grisi ya puli ya nyuma au oili ya gia imepita kwenye sili iliyochoka, na hakuna msasa utakaofaa kitu mpaka sili hiyo ibadilishwe.

Chanzo kikishajulikana, kazi yenyewe si ngumu. Utando husuguliwa kwa msasa wa wastani hadi mng'ao uishe, na uso wa ndani wa bakuli hupigwa msasa kwa mistari inayokatizana, kisha vyote husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki isiyoacha mafuta. Pini hupakwa grisi ya kuhimili joto, kidogo sana, kwa sababu ikizidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye utando. Springi hubadilishwa zote kwa pamoja ili viatu vitanuke kwa wakati mmoja. Kufunga springi ngumu zaidi kwa matumaini ya kuuficha mtetemo hakushauriwi, kwa vile klachi hukamata injini ikiwa katika mizunguko ya juu zaidi, na joto lililoleta tatizo huongezeka.

Msasa una mipaka yake, na vipimo ndivyo huamua. Katika baadhi ya skuta ndogo za Honda, utando mpya una unene wa takriban milimita 4 na hutupwa ukifikia 2, na bakuli lenye kipenyo cha ndani cha milimita 125 halifai tena likifikia 125.5. Bakuli lenye madoa ya samawati limepata joto kali, na kama limepoteza umbo la duara, viatu vitaligusa upande mmoja kabla ya mwingine hata vikiwa vipya. Fundi anayekuta hali hiyo hana budi kumshauri mwenye skuta anunue bakuli jingine, kwani gharama ya kufungua na kufunga mara ya pili haipunguzwi na msasa uliopigwa mara ya kwanza.