Rubani Naye ni Mfanyakazi: Uhakiki wa Filamu ya Darwin's Nightmare

Filamu ya Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa na Hubert Sauper wa Austria na kutolewa mwaka 2004, ilizusha mabishano makali nchini. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na wananchi wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Mabishano yale yalizunguka swali moja: je, ndege zilizofuata minofu ya sangara Mwanza zilileta silaha? Sisi tulioko Mkula, wilayani Busega, wilaya inayopakana na ziwa hilo hilo, tunaona liko swali la msingi zaidi ambalo filamu ililigusa ikaliacha: rubani yule ana nafasi gani katika mfumo wa uzalishaji mali?

Filamu inawaonyesha marubani wa Kirusi na Kiukraine waliorusha ndege za mizigo aina ya Ilyushin 76. Mmoja wao anakiri kwa uchungu kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, kisha akachukua zabibu Johannesburg kuzipeleka Ulaya. Mtazamaji huondoka amemhukumu rubani huyo, au amemhurumia. Yote mawili hayatoshi. Dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kueleza biashara nzima.

Tuutazame mfumo wenyewe. Katika Urusi ya Kisovieti, Aeroflot lilikuwa shirika moja la dola. Baada ya dola ile kusambaratika mwaka 1991, ndege zake zilitawanyika katika makampuni mengi. Ikawa jambo la kawaida ndege moja kuwa na mwenyewe katika nchi hii, bendera ya nchi ile, na mkodishaji katika nchi ya tatu. Rubani akawa kibarua wa angani, mwenye ujuzi mkubwa na mkataba mfupi. Mtu wa namna hiyo atakataaje mzigo? Atalalamikiaje uchakavu wa ndege, na kwa nani?

Tarehe 23 Machi 2005 Ilyushin 76 iliyosajiliwa Moldova ilianguka ziwani mara baada ya kuruka kutoka Mwanza, ikiwa na tani zipatazo 50 za minofu. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa. Walikuwa wafanyakazi.

Mkulima wa pamba wa Simiyu hana haja ya kufundishwa jambo hili. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba katika miaka ya 1990, naye alijifunza maana ya kushika jembe huku mwingine akishika mizani. Rubani anashika usukani, lakini ratiba, mzigo na mkataba vimo mikononi mwa mwenye mtaji.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba umilikaji wa umma peke yake ni dawa. Shirika la East African Airways lilikufa mwaka 1977, na mwaka huo huo tukaunda Shirika la Ndege la Tanzania. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa iliuzwa kwa South African Airways. Mwaka 2006 Serikali ikazirudisha. Na mwaka 2008 kampuni yetu wenyewe ikanyang'anywa cheti cha kuruka. Mali ya umma isiyo na mtaji wala uwajibikaji humwacha mfanyakazi katika wasiwasi ule ule. Mwaka 2023 tulipokea Boeing 767 ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54. Hiyo ni hatua kubwa, lakini ndege si ukombozi mpaka wanaoirusha na wanaoitengeneza wawe na sauti.

Kwa hiyo filamu hii itazamwe na kujadiliwa katika matawi na vyuo, lakini kwa jicho la tabaka. Tusiishie kuuliza ndege ilibeba nini. Tuulize ni ya nani, faida inakwenda wapi, na kama rubani aliyesema "hapana" jana bado ana kazi leo. Mahali ambapo jibu la swali hilo la mwisho ni "hana", hapana usalama, si kwake wala kwa wananchi wanaoishi chini ya njia yake.